Mpangaji mpya akidai matengenezo: dhana potofu za wenye nyumba Tabora

Dhana: "Mpangaji anayelalamika wiki ya kwanza ni msumbufu."

Ukweli: Huyo anakuokolea nyumba. Nyumba ya Isevya au Ipuli ikipangishwa kiangazi, si dalali wala mwenye nyumba anayejua panapovuja hadi mvua za Novemba zianze. Akikwambia dari ina doa, panda na fundi. Mara nyingi bati ni zima. Raba za misumari ndizo zimekaushwa na jua zikapasuka, maji yanapenya kwenye tundu la msumari. Wala usikague juu ya doa peke yake, kwa sababu maji hutambaa kwenye mbao kabla ya kudondoka. Anzia upande wa juu wa mteremko. Kubadilisha misumari ni kazi ndogo. Mbao zikishalowa mchwa wakazivamia, utaezua nyumba nzima.

Dhana: "Aliiona nyumba akaikubali, ajitengenezee."

Ukweli: Kwa Sheria ya Ardhi ya 1999, mwenye nyumba anahesabiwa ameahidi kwamba nyumba inafaa kukaliwa na binadamu, tangu mpangaji anapoingia hadi anapotoka. Ukipangisha vyumba, basi paa, kuta kuu, mifereji na sehemu za pamoja ziko juu yako. Kioo alichovunja mtoto wa mpangaji, hicho atalipa mwenyewe.

Dhana: "Ukikubali ombi moja, hayataisha."

Ukweli: Hayaishi kwa sababu hujatenganisha matengenezo na maboresho. Koki inayovuja ni wajibu wako. Swichi inayotoa cheche isilale, mwite fundi umeme leo hii. Lakini tailizi, jipsamu au mita ya LUKU ya peke yake ni mambo ya kujadiliana, na una haki ya kusema, "Samahani ndugu yangu, kwa sasa sitaweza." Akitaka kugharamia mwenyewe akatwe kwenye kodi, andikeni kabla fundi hajagusa kitu: nani ananunua vifaa, kinakatwa kiasi gani kila mwezi, na akihama kipi kinabaki. Karatasi moja yenye sahihi mbili inatosha, kila mtu abaki na nakala. Tafadhali msiishie kwenye maneno ya mdomo, maana hapo ndipo watu waliokuwa wanasalimiana vizuri huishia kushtakiana kwa mwenyekiti wa mtaa.

Dhana: "Nyumba yangu, naingia na fundi saa yoyote."

Ukweli: Ukishapokea kodi, mle ndani ni kwa watu. Piga simu, omba kuja kesho saa nne, na uje saa nne.