Tairi la nyuma la bodaboda: maneno ya dukani na ukweli wake

Tairi la nyuma ndilo linalosukumwa na injini huku likibeba abiria na mzigo, kwa hiyo huisha mapema kuliko la mbele. Ukifika Kirinyaga Road, mtaa wa vipuri jijini Nairobi, kutafuta jingine, ushauri hautakosekana. Sehemu ya ushauri huo ina makosa, na mengine ni ya hatari.

“Kashata ndefu inashika kila mahali.”

Hii ndiyo dhana inayowapoteza wengi. Kashata, yaani vile vifundo vya mpira vinavyokanyaga barabara, hushika vizuri pale inapopata mahali pa kuzama, na kwenye lami haizami. Kinachogusa lami ni vichwa vya vifundo tu. Vifundo hivyo hupinda, hupata joto na kulika haraka katikati, na lami ikilowa pikipiki huchelewa kusimama. Anayeshinda kati ya mjini na Thika Road ananunua hasara.

Hata nje ya lami udongo haufanani. Udongo mwekundu wa Kikuyu na Limuru mara nyingi huteleza juu ilhali chini bado ni mgumu. Hapo kashata ndefu hupenya utelezi na kushika. Udongo mweusi wa Ruai na Kitengela hunata. Hujaa kati ya kashata mpaka tairi linakuwa kama limenyolewa, kisha hushindiliwa chini ya madgadi hadi gurudumu linakwama. Kinachosaidia huko ni nafasi pana kati ya kifundo na kifundo, ili tope lirushwe nje tairi linapozunguka, pamoja na pengo la kutosha chini ya madgadi. Urefu wa kashata peke yake hautakuokoa.

Hesabu safari zako za wiki moja. Zaidi ya nusu zikiwa za lami, chukua tairi la mchanganyiko: mpira ulioungana katikati, kashata pembeni.

“Pana zaidi ni bora zaidi.”

Pikipiki nyingi za boda hutoka kiwandani na tairi la nyuma la 3.00-17 au 3.00-18 (upana wa inchi 3, rimu ya inchi 17 au 18), soma ubavuni mwa lile lililopo. Ukitoa 3.00-17 ukaweka 100/90-17, upana unatoka karibu milimita 80 hadi 100, na kimo kinaongezeka kwa takriban milimita 20. Kwanza, rimu nyembamba hulibana tairi pana likawa na mgongo wa duara. Pili, ubavu unaweza kusugua cheni au mkono wa gurudumu (chuma kinachoshika gurudumu la nyuma), hasa cheni ikikazwa na gurudumu kusogezwa. Tatu, gurudumu refu hupunguza nguvu ya kupanda mlima: kwa sproketi ya nyuma yenye meno 42, ni kama umeondoa jino moja na zaidi. Kwa anayebeba watu na magunia kwenye miinuko, hilo si jambo dogo.

“8PR ina nyuzi nane ndani.”

Zamani ilikuwa hivyo. Siku hizi PR (ply rating) ni daraja la nguvu, si hesabu ya tabaka za nyuzi. Kinachosema uzito ni namba ndogo iliyo karibu na ukubwa, ikifuatwa na herufi ya mwendo wa juu unaoruhusiwa, kwa mfano 50P. Namba 47 ni kilo 175, 50 ni kilo 190, 52 ni kilo 200, 57 ni kilo 230. Huo ni uzito unaoangukia gurudumu hilo moja tairi likiwa na presha yake kamili. Usishuke chini ya namba ya kiwanda.

“Kashata ikiwa nzima, tairi ni jipya.”

Mpira huzeeka hata ukining’inia dukani, na jua huharakisha. Tafuta tarakimu nne za mwisho kwenye msimbo unaoanza na herufi DOT: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Lililopita miaka 5 liache, na ukiona nyufa ndogo kati ya kashata, liache hata kama bei inavutia.

Tairi la kipara lililochongwa upya kwa kisu cha moto ni baya zaidi. Mpira uliobaki chini ya mifereji ndio unaokinga nyuzi. Kuuchonga ni kuzianika. Lisifungwe kabisa.

“Tyubu ya zamani bado inafaa.”

Tyubu iliyotumika imeshatanuka. Ndani ya tairi jipya hujikunja, na mkunjo hukatika. Weka tyubu mpya ya ukubwa uleule na ukague utepe unaofunika vichwa vya spoki. Mshale wa ubavuni uelekee gurudumu linakozungukia kwenda mbele. Paka kingo za tairi maji ya sabuni, jaza upepo kidogo, toa wote ili tyubu ijinyooshe, kisha jaza tena. Ule mstari mwembamba wa ubavuni mwa tairi, karibu na rimu, uwe umbali sawa na rimu pande zote.

“Kwenye tope, punguza upepo sana.”

Kwa tairi la tyubu, presha ikishuka mno tairi huzunguka juu ya rimu, likaivuta tyubu na kuing’oa valvu. Fuata kibandiko cha pikipiki. Nyingi huandikiwa karibu psi 28 kwa mtu mmoja na 32 akiwepo abiria. Pima asubuhi, tairi likiwa baridi.

Tairi jipya huteleza mwanzoni. Kilomita 150 za kwanza, usilale kwenye kona wala kukanyaga breki ghafla, zaidi sana ikiwa mvua imenyesha.