Kipima unyevu mnacho, mpimaji mnaye?

Wenye viwanda vya unga wanaotuita tuwafundishie wafanyakazi huwa wameshanunua vifaa. Kipima unyevu kiko mezani, kisoma sumukuvu, ile sumu ya ukungu wa nafaka, hakijatolewa kwenye boksi, simu imewekwa programu ya kumbukumbu. Wanataka vijana waonyeshwe vitufe. Vitufe hujulikana kabla ya chai ya saa nne; kinachochukua siku ni mambo yanayofanyika kabla kifaa hakijawashwa.

Chukua sumukuvu. Mwaka 2004 nchini Kenya watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumu hiyo, 125 wakafariki. Tanzania nayo ilipata mlipuko mwaka 2016, Dodoma na Manyara. Kiwango cha Afrika Mashariki kinataka jumla ya sumukuvu kwenye mahindi isizidi mikrogramu 10 kwa kilo, na aina ya B1 pekee isizidi 5. Hiyo 10 ni sawa na gramu moja ndani ya tani 100, tena haikai sawasawa: punje chache zenye ukungu zinaweza kubeba sumu nyingi huku gunia la pembeni likiwa safi kabisa.

Kwa hiyo kijana anayechota kiganja kwenye mdomo wa gunia la kwanza, akakisaga na kukiweka kwenye kifaa cha mamilioni, amepima kiganja tu. Tunamtaka ashike bambo, kile chuma cha kuchotea nafaka ndani ya gunia, achome magunia ya juu, ya katikati na ya chini, ya mbele na ya nyuma, mpaka apate kilo kadhaa. Azisage zote ziwe laini, azichanganye vizuri, ndipo apunguze hadi kiasi kinachohitajika. Jasho litamtoka. Baada ya hapo kifaa kina faida kweli: kinasoma mstari wa kijikaratasi cha kipimo ambao watu wawili wangebishania kwa macho, kinatoa namba na kuihifadhi pamoja na tarehe na namba ya shehena. Ila azingatie dakika za kusubiri zilizoandikwa na mtengenezaji, maana akiwahi au akichelewa anapata namba nyingine.

Kipima unyevu nacho kina ujanja wake. Vile vidogo vya mkononi havipimi maji yenyewe. Vinapima nafaka inavyoitikia umeme, kisha vinakokotoa. Ukikiacha kwenye mpangilio wa mpunga ukatia mahindi, kitakupa namba bila kulalamika. Mahindi yaliyotoka kwenye turubai yakiwa bado ya moto yanaweza kukidanganya pia. Ndiyo maana bado tunafundisha kipimo cha chumvi: chumvi kavu na mahindi kwenye chupa kavu ya kioo, tikisa, tulia kidogo. Chumvi ikiganda ukutani, unyevu umepita asilimia 15 au karibu yake, na kikomo cha kiwango ni 13.5. Kifaa kikisema 12 na chumvi imeganda, kagua kifaa kwanza.

Kwenye mashine za sembe kuna kifaa kinachopima uzito wa nafaka inayoshuka na kudondosha virutubishi kulingana nao. Vile vya Sanku, shirika la kuongeza virutubishi kwenye unga, hutuma pia taarifa kwa mtandao wa simu. Kwa mwendeshaji somo ni fupi: virutubishi visipate unyevu, njia ya kudondoshea isizibe, na kila jioni alinganishe virutubishi vilivyotumika na tani zilizosagwa. Mali bila daftari hupotea bila habari, hata daftari likiwa ndani ya simu.

Mara nyingi ofisi hututumia mhasibu au karani kwa sababu anajua kompyuta. Ni kumkosea mpokea mzigo, yule anayesimama getini lori linapoingia usiku. Yeye ndiye wa kufundishwa, hata kama anaandika polepole. Bosi wake naye akae darasani walau saa moja, kwa sababu siku mahindi ya lori yatakaposoma unyevu wa 15, dereva atampigia simu bosi, na bosi akisema "shusha tu," mafunzo yote yameishia hapo.

Mkubaliane kabla ya msimu nani ana mamlaka ya kukataa mzigo. Mahindi yenye unyevu yarudi kuanikwa. Yaliyopita kikomo cha sumukuvu yatengwe, yawekewe alama, msimamizi wa ubora na TBS (Shirika la Viwango Tanzania) wajulishwe, na asitokee mtu wa kuyachanganya na mazuri ili namba ishuke.