Mistari ya kulala na mwanamke mfupi

"Mwanamke mfupi asivae mistari ya kulala, itamfupisha. Avae ya kusimama, au nyeusi." Wengi tumelisikia kwa mama zetu na kwa mafundi cherehani, na linaeleweka: jicho hufuata mstari.

Lakini hebu chukua karatasi. Weka alama za penseli za miraba miwili ya sentimita 5 kwa 5. Mmoja ujaze mistari ya kulala, mwingine ya kusimama, kisha ufute alama za pembeni. Watu wengi huona wenye mistari ya kulala ndio mrefu zaidi, jambo lililojulikana tangu karne ya 19. Kwenye mwili wenye mabega na nyonga athari hiyo hupungua, kwa hiyo sioni sababu ya kumnyima mtu gauni alilolipenda.

Kinachobadilisha umbo zaidi ni mahali nguo inapokatia. Sketi inayoishia kwenye unene wa shavu la mguu huufanya mguu uonekane mfupi. Ipandishe hadi chini kidogo ya goti uone. Kiuno cha gauni kikishuka, mwambie fundi akirudishe kwenye kiuno chako. Na nyeusi si lazima: hata njano, ikiwa moja juu hadi chini, haikati mwili vipande viwili.

Ukitaka kuhakikisha, piga picha mbili. Simu ikae mezani usawa wa kifua, umbali uleule, viatu vilevile. Picha ya kupigwa kutoka juu humfupisha yeyote, hata avae nini.