Polisi kununua silaha kwa wananchi: maana yake, na kwa nini kwetu hutolewa msamaha badala ya fedha

Mpango wa kununua silaha ni utaratibu ambao polisi wa mji au wilaya, mara nyingi wakishirikiana na halmashauri, viongozi wa dini au wafadhili, hutangaza siku na mahali ambapo mwananchi anaweza kupeleka bunduki na kuondoka na fedha taslimu au kadi ya manunuzi, bila kuulizwa jina lake wala alivyoipata. Anayeleta analeta kwa hiari, na hapo ndipo mpango huu unapotofautiana na msako. Askari aliye mezani huhakikisha kwanza kwamba silaha haina risasi, huitazama kama ni nzima, huifunga lebo, kisha hulipa kwa kiwango kilichotangazwa. Ahadi ya kutoshtakiwa kwa kawaida huhusu kosa la kumiliki tu. Bunduki ikija kubainika kuwa iliua mtu, hilo ni jambo jingine kabisa.

Mfano wa zamani unaotajwa sana ni wa Baltimore, Marekani, ambako mwaka 1974 polisi walilipa dola 50 kwa kila bunduki wakakusanya takribani 13,500, lakini mauaji ya bunduki hayakupungua katika kipindi hicho. Sababu si ngumu kuiona. Katika nchi yenye bunduki nyingi kuliko watu, aliyeuza leo anaweza kununua nyingine kesho, na wanaopanga foleni huwa ni wajane, wazee na watu waliorithi silaha wasizozihitaji, ilhali jambazi anabaki na yake kwa sababu inamlipa zaidi ya kadi ya dukani. Australia ilipofanikiwa kukusanya takribani silaha 650,000 baada ya mauaji ya Port Arthur ya mwaka 1996, haikutegemea hiari: sheria ilipiga marufuku aina fulani za bunduki, na malipo yalikuwa fidia kwa mali ambayo mtu hakuruhusiwa tena kubaki nayo.

Kwetu Tanzania njia inayotumika ni usalimishaji wa hiari kwa msamaha. Umoja wa Afrika uliamua mwaka 2017 kwamba kila Septemba iwe mwezi wa kusalimisha silaha haramu barani, na mwaka 2023, kwa mfano, Serikali ilitoa msamaha kuanzia Septemba 1 hadi Oktoba 31 kwa wanaomiliki silaha kinyume cha sheria. Anayesalimisha katika muda huo hashtakiwi kwa kuimiliki, lakini halipwi chochote. Muda ukiisha, Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inaendelea kama kawaida.

Wapo wanaouliza kwa nini polisi wasiongeze na fedha kidogo ili watu wajitokeze kwa wingi. Kwa mikoa ya katikati, yaani Dodoma na Singida, nadhani jibu liko kwenye gobore. Silaha haramu inayopatikana vijijini huku mara nyingi si bunduki ya kiwandani, bali ni gobore lililotengenezwa na fundi kwa bomba la chuma na kitako cha mti, linalopakiwa baruti na gololi kwa mbele, na ambalo mwenyewe hulichomeka darini, ndani ya tembe, pasipoonekana na mgeni. Ukitangaza bei inayozidi gharama ya kulitengeneza, umempa fundi soko, naye atafua mengine kwa ajili ya meza ya polisi. Hatari hiyo si ya kufikirika tu: mwaka 2022 huko Utica, jimbo la New York, mtu mmoja alileta sehemu za silaha alizozichapa mwenyewe kwa printa, akaondoka na kadi za manunuzi za dola 21,000. Ukiweka bei ndogo kuliko gharama hiyo, fundi hatashawishika, lakini na mwenye gobore pia ataona heri alibakize.

Hata hivyo, kutolipa fedha si lazima kuwe na maana ya kutotoa kitu. Msumbiji, baada ya vita kumalizika mwaka 1992, Baraza la Kikristo la nchi hiyo lilianzisha mwaka 1995 mpango wa kubadilishana silaha na zana, ambapo aliyeleta bunduki alipewa jembe, baiskeli au cherehani, na bunduki zenyewe zikakatwakatwa. Mfano huo uko karibu zaidi na maisha yetu kuliko wa Baltimore, ingawa mwenye gobore wa Manyoni au Chamwino huenda asishawishike na cherehani. Wengine hulitumia kwa ujangili, na hao si wa kubembelezwa. Lakini yupo pia mkulima anayelinda uwele na alizeti dhidi ya nguruwe pori, ngedere na, kwa walio jirani na hifadhi, tembo. Huyo akisalimisha gobore lake Septemba, msimu ukifika atabaki na debe la kupiga na moto wa kuwasha usiku, isipokuwa askari wa wanyamapori wawe wanafika haraka wanapoitwa. Kwa maoni yangu, huduma hiyo ingevuta magobore mengi kuliko bei yoyote.

Anayetaka kusalimisha si lazima asubiri siku maalumu wala aende mbali: katika kipindi cha msamaha silaha hupokelewa kituo cha polisi na pia kwa viongozi wa serikali za mitaa, wakiwemo watendaji wa kata. Ni busara kumtaarifu mtendaji au polisi kata kabla ya kutoka nayo nyumbani, kwa kuwa mtu anayekutwa njiani na silaha iliyopakiwa atapata tabu kueleza kwamba alikuwa anaipeleka kituoni.