Buibui kaa wa magome ni nani hasa, na wanapangwaje

Ukisikia mtu anataja buibui kaa wa magome, anaongelea buibui wanaoishi kwenye magome ya miti, miguu yao imetanuka pembeni na wanaweza kutembea kiubavubavu, hata kinyumenyume, kama kaa wa baharini. Hawatandi utando wa kunasia wadudu. Wanatulia palepale miguu ya mbele ikiwa wazi, mdudu akikatiza karibu anadakwa, anang'atwa, kazi imeisha.

Sasa cha kushika mapema ni kwamba jina hilo linakwambia anakaa wapi na ana umbo gani tu, halikwambii ni wa ukoo gani, na hapo ndo wengi wanapotea maana wanaona buibui bapa kwenye mti wanajua moja kwa moja ni familia moja.

Familia ya buibui kaa wenyewe ni Thomisidae, ilipewa jina na Sundevall wa Sweden mwaka 1833 na leo ina spishi zaidi ya 2,000. Wanaopigwa picha sana ni wale wa kwenye maua, mfano Misumena vatia ambaye anaweza kubadilika taratibu toka mweupe akawa wa njano kulingana na ua alilokalia. Wa magome hawana mambo ya rangi kali, wao ni kahawia, kijivu, weusi weusi, ila kwa kujificha mimi naona wamewazidi kabisa wale wa maua.

Mchukulie Stephanopis wa Australia, jenasi (yani kundi la spishi zinazokaribiana ndani ya familia) iliyoelezwa na mtaalamu wa buibui Pickard-Cambridge mwaka 1869, spishi yake ya mfano ikiwa Stephanopis altifrons. Mwangalie kwa karibu: kichwa kimeinuka juu, mgongo una makwaruzo na vinundu, tumbo lina vichomozi nyuma, na mwili mzima una vinyweleo vigumu ambavyo vinashika vumbi na vipande vidogo vidogo vya gome mpaka ukingo wa buibui unapotea, huoni anaanzia wapi na mti unaishia wapi. Akikunja miguu na kulala chini unaweza ukamgusa na kidole ukijua ni kipande cha mti kilichobanduka.

Kwenye uainishaji Stephanopis alipangwa na kundi dogo ndani ya Thomisidae linaloitwa Stephanopinae, na alama iliyotumika sana ni meno kwenye taya, yani hawa wana vijino pembeni ya pale kucha ya sumu inapojikunja wakati buibui kaa wengine wengi hawana. Shida ni kwamba alama kama hiyo inaweza kuwa urithi wa zamani tu uliobaki kwa baadhi na kupotea kwa wengine, kwa hiyo buibui wawili wakiwa nayo wote haitoshi kusema ni ndugu wa karibu. Ndo maana kundi hilo limekuja kupanguliwa. Spishi kadhaa za Chile zilizokuwa zinaitwa Stephanopis miaka mingi, mfano ditissima, zimehamishiwa jenasi ya Coenypha, baada ya watafiti kulinganisha viungo vya uzazi na maumbile mengine wakaona wa Amerika Kusini na wa Australia hawakai chungu kimoja.

Ulaya yupo Coriarachne depressa, huyu ni Thomisidae pia lakini kajificha kwa njia nyingine: badala ya vinundu yeye ni bapa kabisa, anapenya chini ya gome la msonobari lililoachia kidogo.

Halafu kuna wanaofanana nao tu. Philodromidae zamani waliwekwa humohumo ndani ya Thomisidae, baadaye wakapewa familia yao, na mmoja wao Philodromus margaritatus anakaa kwenye vigogo vyenye vile viraka vya kuvumwani (kuvu na mwani vinavyoota pamoja kwenye gome) na anafanana navyo vizuri sana. Selenopidae, familia nyingine, nao ni bapa, wanaishi chini ya magome na kwenye kuta, wana mbio ajabu. Utafiti wa DNA umeonyesha Thomisidae wako karibu na ukoo wa buibui mbwamwitu, wakati Philodromidae wako upande wa buibui warukaji, kwa hiyo umbo la kaa limejitokeza zaidi ya mara moja, kila ukoo kivyake, kwa sababu ukiwa bapa na miguu imelala pembeni gome linakuficha vizuri.

Ukitaka kuwatofautisha anza na miguu. Thomisidae jozi mbili za mbele ni ndefu na nene kuliko za nyuma, Philodromidae miguu inakaribiana urefu na ina vinyweleo vya kushikia chini ya nyayo vinavyowasaidia kukimbia kwenye sehemu laini. Kisha macho: Selenopidae wana sita kwenye mstari wa mbele na mawili nyuma, Thomisidae wana manne manne na yale ya pembeni mara nyingi yamekaa juu ya vinundu. Hiyo inakufikisha kwenye familia. Spishi ni habari nyingine, hapo wataalamu wanaangalia kwa hadubini vipapasio vya dume (viungo vidogo karibu na mdomo anavyotumia kupandia) na mlango wa uzazi wa jike aliyekomaa, kwa hiyo buibui mchanga wa magome, hata picha iwe kali vipi, mara nyingi anaishia kwenye jina la jenasi.