Eti hukusaini mkataba kwa hiyo huna haki? Nani kakudanganya

Wiki hii nimelisikia hilo neno mara ya nne na sasa nimechoka, acha niandike. Kijana wa stoo, kafanya kazi miaka mitatu na miezi minne kwenye kampuni ndogo ya spea hapa Kampala, watu saba tu, bosi kampigia simu Jumapili usiku kamwambia kesho usije, basi. Hakuna barua, hakuna sababu, mshahara wa siku alizokwisha fanya haujatoka. Kakaa nyumbani miezi miwili na nusu ndio kaja kwangu, na hata kwenye kiti hajakaa vizuri ananiambia, "Lakini wakili, mimi sikusaini kitu, najua sina haki, nimekuja tu kuuliza."

Kuuliza tu! Na zimebaki wiki mbili za kulalamika, hajui.

DHANA: Bila mkataba wa maandishi wewe si mfanyakazi, bosi anaweza kukutoa anavyotaka.

UKWELI: Sheria ya Ajira ya Uganda ya 2006 inakubali mkataba wa mdomo. Ulipewa kazi, ukaifanya, ukalipwa, mkataba upo. Tena ni bosi ndiye mwenye wajibu wa kukuandikia yale mambo ya msingi, yaani kazi yako ni ipi, mshahara kiasi gani, masaa, likizo, notisi, na anatakiwa akupe karatasi hiyo ndani ya wiki 12 tangu uanze. Kwa hiyo karatasi ikikosekana mwenye kosa ni yeye. Sasa nashangaa mtu aliyekunyima karatasi ndiye anakutisha kwa kukosa karatasi, na wewe unaitikia ndiyo bosi.

Halafu watu wananiuliza, utathibitisha vipi? Mbona ushahidi umejaa tele. Yule kijana alikuwa analipwa kwa pesa za simu kila mwisho wa mwezi, namba ni ile ile, kiasi ni kile kile. Nikamtuma kwa kampuni ya simu akaomba wamchapie rekodi ya laini yake, akarudi na miezi 37 imepangwa mmoja chini ya mwingine, mitatu ya mwanzo tu ndio alilipwa keshi. Kuna meseji za WhatsApp, "fungua mapema kesho kontena linafika," nani anamtumia meseji hiyo mtu asiyekuwa mfanyakazi wake? Kuna kitabu cha kupokelea mizigo kina sahihi yake kila ukurasa. Kuna mama wa rolex, zile chapati za kukunjia mayai, mbele ya duka ambaye kamwona akifungua mlango kila asubuhi kwa miaka mitatu na anamjua mpaka deni lake la chapati. Huyo mama ni shahidi mzuri kuliko karatasi nyingi nilizowahi kuona.

Shida ni kwamba meseji nyingi zilikuwa kwenye simu ya kampuni na siku ile ile wakaichukua. Ndio maana kila siku nawaimbia wateja wangu wimbo wangu wa daftari, wananicheka, wacha wacheke. Nunua daftari ndogo ile ya bei ya chini kabisa, liweke nyumbani sio kazini, andika tarehe uliyoanza, mshahara uliyoahidiwa, siku uliyolipwa na kiasi, siku bosi alikutukana au alikwambia usirudi, na nani alikuwepo. Na skrinshoti jitumie kwenye simu yako mwenyewe siku ile ile, usingoje ugomvi uanze.

Tukishakubaliana kwamba wewe ni mfanyakazi, mengine yanafuata. Notisi inahesabiwa kwa muda uliokaa: zaidi ya miezi 6 lakini chini ya mwaka ni wiki 2, kuanzia mwaka mpaka kabla ya miaka 5 ni mwezi mmoja, miaka 5 mpaka kabla ya 10 ni miezi 2, kuanzia miaka 10 ni miezi 3. Likizo ya mwaka ni siku 21, na zile hujachukua bosi hawezi kuzimeza ndani ya notisi. Na akitaka kukufukuza kwa kosa au kwa kazi mbaya lazima kwanza akueleze sababu kwa lugha unayoielewa, nasema lugha unayoielewa, sio barua ya Kiingereza kizito kama cha benki kwa mtu anayesoma Kiswahili na Luganda, akupe muda wa kujiandaa, akusikilize, na una haki ya kuja na mtu wako akae pembeni yako. Asipofanya hivyo, hata kama kosa ulilifanya kweli, anadaiwa mshahara wako wa wiki 4 kwa kutokukusikiliza peke yake. Mkifika mbele ya leba ofisa, yaani afisa wa serikali wa mambo ya kazi, anayetakiwa kuthibitisha sababu ya kukufukuza ni bosi. Akishindwa, inahesabiwa umefukuzwa isivyo haki.

Sasa hayo yote yanaharibika kwa kitu kimoja, kuchelewa. Malalamiko ya kufukuzwa isivyo haki yanapelekwa kwa leba ofisa wa wilaya, hapa mjini ni KCCA, mamlaka ya jiji la Kampala, ndani ya miezi 3 tangu siku uliyotolewa. Leba ofisa anaweza kumpokea aliyechelewa kama kuna sababu ya haki, lakini "nilikuwa namsubiri bosi apoe" mimi sijawahi kuitegemea kama sababu. Nimepoteza watu wazuri wenye kesi nzuri kwa hilo la kusubiri apoe. Wanangoja, wanatuma shangazi akaongee naye, wanatuma shehe, miezi minane baadaye ndio wanakumbuka kuna wakili. Ongea na shangazi, sawa, lakini malalamiko peleka, hayo mawili hayapigani.

Mengine nayapitia haraka maana saa imeenda.

"Sisi ni kampuni ndogo, sheria hiyo ni ya mabenki na viwanda." Hii inatoka kwa mabosi. Sheria haikuweka idadi namna hiyo. Walioachwa nje ni biashara ya familia ambayo wafanyakazi wake wote ni ndugu wanaomtegemea mwenye biashara na hawazidi 5, pamoja na jeshi, na hata jeshini raia walioajiriwa wanalindwa. Una mfanyakazi mmoja ambaye si ndugu anayekutegemea? Inakuhusu, Hajji. Na NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, pia inakuhusu, zamani ilianzia wafanyakazi 5 lakini tangu marekebisho ya 2022 hata mwenye mfanyakazi mmoja anachangia, asilimia 10 ya bosi na 5 ya mfanyakazi. Akikukata hiyo 5 na haipeleki, hilo ni lalamiko lingine, usiliache.

"Niko probesheni," yaani muda wa majaribio. Mwaka wa pili? Probesheni mwisho miezi 6, na kuongeza miezi 6 mingine ni lazima wewe ukubali. Hata ndani ya probesheni ya kweli kuna notisi ya siku 14 au mshahara wa siku 7. Ila ujue pia, ili ulalamike kwa kufukuzwa isivyo haki unatakiwa uwe umefanya kazi wiki 13 mfululizo, kwa hiyo aliyeanza mwezi uliopita asije kwangu na hasira kubwa.

"Niliiba kweli, kwa hiyo sikuhitaji kusikilizwa." Kufukuzwa papo hapo bila notisi kupo kwa kosa kubwa, lakini kusikilizwa kunabaki pale pale.

"Mimba imeniondoa, ni kawaida." Sio kawaida, dada, mimba haiwezi kuwa sababu halali ya kumtoa mtu kazini, na likizo ya uzazi ni siku 60 za kazi kwa mshahara kamili.

"Niliandika mwenyewe barua ya kuacha kazi, basi imeisha." Uliandika, au ulikalishwa ofisini ukaambiwa andika ndio nikupe mshahara wako? Ukiondoka kwa sababu bosi kakutendea mambo yasiyovumilika sheria inaweza kuhesabu kwamba yeye ndiye kakutoa. Lakini mnanipa kazi ngumu sana na hizo barua zenu za "nashukuru kwa ushirikiano wenu". Ukilazimishwa sema nitaiandikia nyumbani, toka nje, nipigie.

Na ya mwisho ni ya wateja wangu wenyewe, "wakili, nitapata milioni mia?" Kwa leba ofisa fidia ya msingi ni mshahara wa wiki 4, na anaweza kuongeza lakini nyongeza haizidi mshahara wa miezi 3. Jumlisha notisi, likizo na mishahara uliyonyimwa. Mahakama ya Viwanda, ile ya kesi za kazi, inaweza kutoa zaidi lakini huko ni safari ndefu. Kijana wa stoo nilipompigia hesabu yake alinyamaza kidogo, akauliza kama na zile siku za Novemba alizofanya bila kulipwa zimo. Zimo. Akasema basi twende, tukaenda na boda mchana ule ule, siku 11 kabla ya muda kuisha.