Kwa nini bibi wa Wamarekani weusi anaongea kwa methali?

Hivi ushawahi kujiuliza kwa nini kwenye familia nyingi za Wamarekani weusi bibi ndo kila kitu? Wengine wanamwita Big Mama, na ukikosea wala hapigi kelele, anakutupia kasentensi kamoja halafu anaendelea kupika, unabaki unakatafuna mwenyewe.

Hii kitu imeanzia mbali. Enzi za utumwa mama anaamkia shambani anarudi usiku, baba anaweza akauzwa jimbo lingine muda wowote, sasa watoto wanabaki na nani? Na bikizee ambaye nguvu za shamba zimeshamwisha. Cheki Frederick Douglass, yule mtumwa aliyetoroka akaja kuandika kitabu cha maisha yake, kazaliwa Maryland mwaka 1818 hivi, kalelewa na bibi yake Betsey Bailey, fundi wa nyavu za samaki na mwenye mkono wa baraka kwenye viazi vitamu mpaka majirani walikuwa wanamfuata awapandie. Mama yake alimwona mara chache tu, tena usiku, maana alikodishwa shamba la mbali. Alipofika kama miaka sita bibi huyohuyo akaamriwa ampeleke kwa bwana aliyewamiliki, wakatembea kama maili 12, mtoto akaambiwa kacheze na wenzio, kugeuka bibi hayupo. Mi hapa huwa naweka kitabu chini kwanza.

Sasa methali zinaingiaje? South Carolina ilikataza kuwafundisha watumwa kuandika toka 1740, na majimbo mengine ya kusini yakabana zaidi miaka ya 1830. Kitabu huna, barua huna, na mtoto kesho anaweza kuchukuliwa, so unampa kitu cha kubeba kichwani, kifupi, chenye mdundo, ambacho hakuna wa kumpora. Kuna moja inasema si kila jicho lililofumba limelala, na si kila aliyeaga ameondoka. Isome ukiwaza watu walioachanishwa mnadani utaielewa vizuri. Nyingine eti kichwa kigumu huleta makalio laini, yaani usiposikia utachapwa mpaka ulainike. Sisi tungesema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ila yao inachekesha zaidi bana. Halafu ile Mungu hapendi ubaya, na ubaya hapo sio wa sura, ni wa tabia.

Utumwa ukaisha lakini bibi hakupumzika, maana kati ya 1910 na 1970 weusi kama milioni 6 walihama kusini kwenda Chicago, Detroit, New York na kwingineko, wazazi wanasaka kazi viwandani, watoto wengi wanaachwa kwa bibi kwanza, au wanarudishwa kwake kila likizo kama sisi tunavyopelekwa kijijini.

Hata Ikulu ilikuwa hivyohivyo. Obama alipoapishwa 2009, mama mkwe wake Marian Robinson alihamia nao kuwaangalia wajukuu zake Malia na Sasha, na pamoja na wahudumu wote wale nguo zake alikuwa anafua mwenyewe.